Msiba wa Haji, Naye Yuko Chwaka Juu ya Paa

Nakuhadithieni haya kwa sababu mtaani kwetu Kiembe Samaki hakuna asiyeyajua, na afadhali myasikie kwangu mimi niliyeyafanya kuliko kwa watu wanaoyaongeza chumvi, maana juzi nimeyasikia sokoni yakihadithiwa na mwanamke asiyenijua hata sura, akasema jeneza lilifika mpaka makaburini. Halikufika. Lilitolewa msikitini, hilo nakubali, lakini makaburini halikufika. Aibu yangu ni kubwa ya kutosha bila ya kutiwa nakshi.

Mimi naitwa Riziki, kifungua mimba wa watoto watatu. Baba alitangulia, na mwaka wa pili yake mama akamfuata, mimi nikiwa na miaka kumi na sita, Asya kumi, na Haji mitano. Skuli nikaiacha kidato cha pili nikaanza kupika vitumbua, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyotulea mpaka leo Asya kaolewa na Haji kawa fundi umeme mwenye ndevu zake (anajiona mkubwa kuliko mimi). Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Nasema tu ili mjue Haji ni nani kwangu, maana huyo ndiye niliyemuua.

Sasa hiyo kazi. Mji Mkongwe kuna nyumba moja ya ghorofa ambayo chini yake ni kliniki na juu ni madarasa ya wanafunzi wa udaktari, na mimi miaka mingi nauza vitumbua kwenye baraza yake. Mwalimu wao mmoja, Daktari Sauda, mteja wangu wa kila asubuhi, siku moja alinikuta nawaigiza wateja wangu, yule anayebana pua, yule anayechagua kitumbua kimoja nusu saa, akasimama kunisikiliza mpaka chai yake ikapoa.

"Bi Riziki," akanambia, "unajua kuumwa?"

"Nani asiyejua kuumwa, daktari?"

"Nakusudia kuumwa na huumwi."

Akanieleza. Wanafunzi wake wanajua kila mfupa kwa jina lake, lakini ukiwaweka mbele ya mtu mwenye huzuni wanazungumza naye kama wanaosoma risiti ya umeme. Kwa hivyo chuo kinatafuta watu wa kawaida wajifanye wagonjwa, au jamaa wa wagonjwa, mwanafunzi aje azungumze nao, kisha hao watu wamwambie waliyoyahisi. "Wewe ndiye utakayekuwa mwalimu wao," akasema. Mimi, wa kidato cha pili.

Jamani, mimi sijawahi kustaajabu kama nilivyostaajabu wiki ya kwanza. Kijana aliyesoma miaka mitano udaktari ananiuliza, "Bi Riziki, nilipokwambia vile, ulihisi nini?" nami nikimjibu anaandika. Anaandika maneno yangu kwenye daftari. Nikawa narudi nyumbani naangalia mikono yangu yenye mafuta nikijiuliza kama ni mimi kweli.

Lakini nyumbani sikusema. Niliwaambia napika chakula cha wanafunzi, kwa sababu kwetu kutamka kifo cha mtu mzima asiye na lolote ni uchuro, ni kumwitia balaa, na mama alikuwa akimpiga mtoto kibao cha mdomo akisema hata kwa mzaha kwamba atakufa. Mimi sasa wiki nzima naletewa habari za vifo vya uongo na nazililia. Kila nikimaliza naleta istighfari kimya kimya, kisha naondoka na vitumbua vyangu vilivyobaki.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Karatasi yangu iliandikwa hivi: mimi ni dada wa kijana aitwaye Juma, Juma kapata ajali ya pikipiki, nimesubiri nje muda mrefu, na daktari anakuja kunambia kuwa kafariki. Juma huyu nilishamlilia mara nne wiki iliyopita na mara zote nne nililia kwa mdomo, macho makavu kama ganda la muhogo, mpaka mwanafunzi mmoja akenda kumwambia Daktari Sauda kwamba yule bibi hafanyi kweli na yeye anachanganyikiwa. Neno hilo liliniuma. Mimi nikishika jambo nalishika. Basi nikiwa napanda ngazi nikafanya uamuzi mmoja mdogo, mdogo kama punje ya uwatu: Juma simjui, sitoweza kumlilia, nitatia jina la Haji. Jina tu. Nani atajua?

Mwanafunzi aliyeingia anaitwa Khalfan, mrefu, mwembamba, koti jeupe limempwaya mabegani. Huyu alishafeli mtihani huu mara moja, alitoa habari ya kifo amesimama na mkono kaushika mlango, na akifeli tena anarudia mwaka. Nilikuwa najua. Nikamwonea imani, nikasema moyoni, leo nitakulilia vizuri, mwanangu, upate pa kuonesha kazi.

Akavuta kiti, akakaa, akazima simu yake na kuilaza kifudifudi mezani.

"Shikamoo," akasema. (Katika wote walionijia kabla yake, hakuna aliyenipa shikamoo.)

"Marahaba."

"Mimi naitwa Khalfan, ni miongoni mwa tuliomhudumia ndugu yako. Naomba unitajie jina lake."

"Haji," nikasema. "Haji Makame. Ndiye mdogo wetu."

"Mpaka sasa unajua nini kuhusu hali yake?"

"Najua katoka asubuhi mzima. Hata chai hakunywa."

Na hili lilikuwa kweli. Haji alitoka alfajiri kwenda Chwaka, ana nyumba anaitia umeme huko, na chai aliiacha kwenye kikombe kwa haraka zake. Nilipolisema nikakiona kikombe chenyewe, kimefunikwa kisahani.

Khalfan akasogeza kiti. Akasema, "Dada Riziki, nimekuja na habari nzito." Akangoja, akanipa muda wa kulishika hilo la kwanza. Kisha akasema, "Haji amefariki."

Nililia. Hata sijui nieleze vipi, maana si mimi niliyelia, kuna kitu kilikuwa kimekaa ndani yangu miaka na miaka ndicho kilicholia. Niliteleza kwenye kiti mpaka chini, kanga ikaanguka kule, nikamwita Haji kwa jina, Haji wangu, Haji mtoto wa mama, nitamwambia nini mama naye kaniachia akiwa mzima. Daktari Sauda alinambia baadaye kwamba sauti ilifika barabarani.

Vitabu vyao, kumbe, vinawaambia kwamba hapo daktari amshike mfiwa mkono. Sasa kwetu, kijana wa watu atanishikaje mkono mimi? Wengi walikuwa wanakwama hapo hapo, mmoja wiki iliyopita alipapasa meza badala yangu. Khalfan alifanya jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Aliondoka kwenye kiti akaja kukaa chini, kwenye sakafu, na koti lake jeupe, akakunja miguu kama watu wanavyokaa mkekani penye msiba, mbali nami kiasi cha hatua moja, akainamisha kichwa. Akaiokota ncha ya kanga yangu akaisogeza karibu na mkono wangu bila ya kunigusa. Na hakusema kitu. Hakusema pole, hakusema kazi ya Mungu, hakutazama saa. Alikaa tu.

Mama alipokufa nilikuwa kwenye benchi nje ya wodi, hospitali gani haina haja, akatoka mtu na funguo mkononi akauliza, "Nani wa kitanda cha mwisho?" Nikanyoosha kidole kama niko darasani. Akasema, "Kesha. Tafuteni gari." Akenda zake. Miaka kumi na tisa nimeishi na neno hilo, kesha, hata keshakufa hakulimaliza, na sikujua kuwa kuna namna nyengine ya kuambiwa, mpaka nilipomwona kijana huyu kakaa sakafuni kwa ajili ya mtu ambaye hakufa. Nilipoinua uso nikaona wanafunzi wenzake waliokuwa wakitazama nyuma ya pazia wameacha kuandika, na Daktari Sauda anafuta miwani. Nilimwangalia Khalfan kama mtu anavyoangalia mwezi ukichomoza.

Alipasi.

Kitu ambacho sisi sote mle ndani hatukukijua ni kwamba mlango ulikuwa umeachwa wazi kiasi cha shubiri kwa sababu ya joto, na kwamba siku ile yule binti anayedeki sakafu alikuwa na homa na badala yake kaja shangazi yake, na shangazi yake ni Bi Mize.

Bi Mize ni jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na alikuwa shoga wa mama. Alikuwa anapita na ndoo yake na tambara akasikia sauti yangu, akachungulia, akaniona mimi chini nimefunuka kichwa, daktari mwenye koti jeupe kakaa chini kainamisha kichwa, na jina la Haji linatajwa. Chini ya nyumba ni kliniki, yeye ile ndiyo siku yake ya kwanza pale, sasa mlitaka afikirie nini? Akaiacha ndoo kwenye ngazi. Hakuingia, kwa sababu (ananambia mpaka leo) aliona akiingia atalia kuliko mimi, na bora awahi nyumbani akanitayarishie. Akampigia mumewe. Mumewe akamwambia maalim wa msikitini. Maalim akashika spika.

Na mimi? Mimi nilikaa na wanafunzi tukazungumza, nikawaambia niliyoyahisi wakaandika, nikapewa chakula nikala, nikapita sokoni Darajani kununua samaki, changu, kwa ajili ya Haji, nikachagua taratibu mmoja mmoja, nimefurahi moyo. Simu yangu ilikuwa imezimwa kwenye mkoba tangu asubuhi, ndiyo sheria ya chuo, na nikasahau kuiwasha.

Nilipofika mtaani alasiri imeshaswaliwa. Nikaona turubai. Nikasema inna lillahi, huyo Mzee Shaame, maana Mzee Shaame jirani yetu alikuwa anaumwa kifua tangu mwezi uliopita. Nikajifunika kanga vizuri, nikauweka uso wangu tayari kwa msiba wa watu. Nikatembea hatua kama kumi hivi ndipo nikaona kamba ya turubai imefungwa kwenye dirisha langu.

Wanawake walijaa ukumbini kwangu mpaka uani. Mmoja akasema, "Huyo kaja," na hapo kilio kikainuka kwa pamoja. Bi Mize akanishika kabla sijavua viatu.

"Pole mwanangu, pole. Hata simu hukutupigia. Umebeba peke yako kama kawaida yako."

"Nimebeba nini, Bi Mize?"

"Haji, mwanangu."

"Haji kafanya nini?"

Bi Mize akawageukia wenzake akasema kwa sauti ya chini, "Mshtuko huo. Keshasahau."

"Haji kafa," akasema mwanamke mmoja nyuma yake, anavunja nazi.

Mfuko wa samaki ukanitoka. Nakwambieni kweli, wakati ule sikukumbuka chuo, sikukumbuka karatasi, sikukumbuka Khalfan, nililojua ni kwamba nilimtaja asubuhi na sasa hivi kafa, nimemwitia mwenyewe kwa mdomo wangu. Hakuna aliyenikalisha, hakuna aliyeniuliza najua nini mpaka sasa. Nazi ikavunjwa na Haji akafa. Nikashika ukuta nikauliza nani kasema.

"Wewe mwenyewe," akasema Bi Mize. "Nimekusikia kwa masikio yangu haya, daktari anakwambia."

Hapo ndipo yaliponijia yote, ngazi, mlango, jina. Na nikacheka. Nilicheka kwa kupumua, kama mtu aliyetolewa majini, lakini kicheko ni kicheko, na kwenye msiba wa ndugu yako hakipendezi. Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Hajafa," nikasema. "Yalikuwa maigizo. Nnaigiza mimi, ndiyo kazi yangu kule, wanafunzi wanajifunza kutoa habari."

"Ndio, mwanangu," akasema Bi Mize. "Hebu kaa chini."

"Bi Mize, wallahi ni maigizo."

"Najua. Hata mimi alipokufa mume wangu wa kwanza nilisema kasafiri. Siku tatu nilimwekea chakula."

Wakanilaza, wakaniweka kitambaa cha maji usoni, mmoja akaanza kunisomea Yasini kichwani. Kila nikisema hajafa wanazidi kunionea huruma. Nikisema kwa upole wanasema maskini, nikisema kwa ukali wanasema mshikeni.

"Basi mpigieni simu," nikasema.

"Tumempigia tangu adhuhuri. Haipatikani."

Nikaiwasha yangu nikampigia mwenyewe. Haipatikani. Nikapiga tena. Na hapo, jamani, ile raha ya kucheka ikanitoka yote. Kwa sababu mimi najua niliigiza, lakini simu mbona haipatikani? Fundi umeme, juu ya paa, peke yake. Nimemchuria. Nikalala na kile kitambaa usoni sisemi tena, nikiwa mimi peke yangu ukumbini nisiyejua kama ndugu yangu yuhai au kafa. Wao walikuwa na yakini.

Nikiwa katika hali hiyo nikaangalia nilipo. Uani vyungu viwili viko motoni. Wanawake wawili ambao hawasemeshani tangu harusi ya mwaka juzi wamekaa bega kwa bega wanakuna nazi. Bi Zainabu wa nyumba ya pili, ambaye mimi na yeye tumenuniana kwa ajili ya kuku wake, kaupindua mkoba wake wa mchele wote kwenye beseni na anachambua huku machozi yanamdondoka. Nje wanaume wamepanga mabenchi, nasikia vijana wameshakwenda hospitali kuchukua maiti (wakaambiwa hakuna maiti wa jina hilo, wakajibu watasubiri), na wengine wako makaburini, ubavuni mwa mama, wanachimba, wamefika magotini. Hawa wote asubuhi walikuwa na shughuli zao. Hakuna aliyewafundisha, hakuna aliyewapa mtihani, hakuna aliyewaambia kaeni chini, nyamazeni, msitazame saa. Walisikia Haji wa Riziki kafa, wakaacha ndoo zao walipo. Nikastaajabu mpaka nikasahau kuogopa, dakika moja.

Haji alikuja na vespa yake. Simu ilikuwa imemwishia chaji, na nyumba aliyokuwa akiitia umeme ndiyo kwanza inatiwa, angechaji wapi? Alipofika pembeni akamkuta Mzee Shaame (mzima kabisa, kifua kimepoa) anaburura benchi.

"Shikamoo mzee. Msiba wa nani?"

"Marahaba. Wa Haji, yule fundi umeme," akasema Mzee Shaame, ambaye macho yake hayaoni mbali wala karibu. "Shika upande huo."

Na Haji akashika. Akalibeba benchi hatua kadhaa, anafikiri mzee kachanganya majina, mpaka alipoona turubai iko kwa nani. Basi akajua ni mimi. Mtu mwengine wa kufa nyumba ile hakuna, Asya yuko mbali kwa mumewe. Akaliachia benchi, akaingia mbio na viatu vyake, kwenye mikeka ya wanawake, bila ya hodi, anaita, "Dada. Dada Riziki yuko wapi?"

 Nazi moja ilibingirika mpaka ukutani. Bi Mize akasema audhubillahi na akakaa juu ya beseni la mchele uliochambuliwa. Mwanamke mmoja alitokea mlango wa nyuma mbio, na viatu vyake tukamrudishia kesho yake.

Haji aliponiona nimekaa akaniangukia akalia begani kwangu, ndevu na yote, anasema neno moja, "Nilidhani wewe. Nilidhani wewe." Na mimi nikamshika kichwa, nikahisi joto lake, na vumbi la saruji kwenye nywele zake, nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

Kisha ikabidi nieleze. Mbele ya wote, maana hakuna aliyekuwa tayari kutoka. Nikasema yote, chuo, karatasi, Juma asiyelilika, jina. Nilipomaliza maalim akakohoa mlangoni.

"Kwa hivyo maiti hakuna."

"Hakuna, maalim."

"Na kaburi?"

"Lifukieni."

"Na wali?"

Maalim akavigeukia vyungu. Akafikiri kidogo, akasema, "Wali haufukiwi. Watu wale."

Wakala. Wengine wanacheka mpaka wanapaliwa, wengine wamenikasirikia na wana haki yao, Mzee Shaame akidai kwamba yeye kifua chake kimeanza upya kwa lile benchi. Na mimi ningeyastahamilia yote, vicheko na masimango, ila kitu kimoja: Haji hakula. Alipoelewa kuwa nimemuua mimi, kwa kazi, aliitoa mikono yake begani kwangu, akanyanyuka akenda nyuma ya nyumba kwenye tangi la maji, na mtu akimwita haitiki.

Nikamfuata. Alikuwa kakaa chini kaegemea tangi.

"Kwa nini mimi?" akasema bila ya kuniangalia. "Majina tele."

"Nilimjaribu Juma, machozi hayakutoka."

"Ungemtia Asya."

"Asya anaudhi. Yasingetoka vilevile."

Mdomo wake ulitikisika kidogo, kisha akaubana.

"Umenichuria, dada."

"Nimekuchuria. Nisamehe."

Akafikicha saruji iliyomganda mikononi. Akasema, "Nilipoona turubai nikajua umekufa wewe. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri, sasa nani atanambia? Maana siku ya mama ulinambia wewe."

"Unakumbuka siku ile? Ulikuwa na miaka mitano."

"Ulisimama mlangoni na ndoo. Ukasema, mama kafa, vua nguo nikukoshe, watu wanakuja."

 Nilikuwa nimesahau. Yule mtu wa funguo nimemkumbuka miaka kumi na tisa, nimewahadithia wanafunzi habari zake mara sita, wakatikisa vichwa, wakaandika. Na mimi mwenye ndoo nilijisahau kabisa. Mtoto wa miaka mitano, nikamwambia kama anavyoambiwa mtu kuwa mvua inanyesha aanue nguo. Aibu ya turubai ni ya mtaa mzima, lakini hii ni yangu peke yangu, na ndiyo niliyokuja kukuhadithieni.

Nikakaa chini, kwenye udongo uliolowa wa pale tangini, na nguo yangu njema ya chuoni. Sikusema niliogopa, sikusema nilikuwa mdogo, ingawa yote mawili ni kweli.  Tukakaa hivyo mpaka sauti za watu ukumbini zikapungua.

"Alikufaje?" akauliza Haji. "Hukunihadithia hata siku moja."

Nikamhadithia tangu mwanzo, mama alivyoanza kuumwa, alivyokuwa akimwulizia yeye, kama kala, kama kalala, alivyoniambia nisimlete wodini asije akaogopa mirija. Nililia na yeye akalia, kila mmoja kwa nafasi yake. Magharibi ikaadhiniwa. Haji akajifuta uso kwa shati lake la kazi, akasimama, akanipa mkono kuninyanyua.

"Wali umebaki?" akauliza.

Kesho yake nilikwenda kumwambia Daktari Sauda kuwa nimekiuka karatasi yake na anitoe kazini. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaacha kucheka, akataka kumjua Bi Mize. Wiki ya pili yake Bi Mize, na buibui lake jipya, alikuwa kasimama mbele ya darasa zima la makoti meupe, akaulizwa alipoisikia habari ile alifanya nini.

"Niliiacha ndoo," akasema.

"Kisha?"

"Kisha nikenda kupika. Nyinyi mlitaka nifanyeje?"

Wakaandika. Nilimwona Khalfan anaandika, na Bi Mize akanigeukia macho yamemtoka, kama yalivyonitoka mimi siku yangu ya kwanza.

Mtaani Haji sasa anaitwa Marehemu, Marehemu njoo utazame fyuzi yangu, Marehemu taa haiwaki, na nikimpigia simu hasemi halo, anasema "mzima" anakata. Mimi nimekula yamini kwamba jina la mtu aliye hai sitalitia tena kwenye kifo, liwe la kuigiza, liwe la mzaha, hata wanafunzi wote wafeli. Daktari Sauda akaniuliza, sasa utamlilia nani, Bi Riziki, na Juma haliliki? Nikamwambia karatasi ya wiki ijayo aandike mama. Yuko mmoja nilimzika nimeshika ndoo, siku ile sikumlilia.